Jina Alilopewa Jalala

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni polepole, ndugu zangu, maana ngano hii ina kaburi ndani yake.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha milimani, aliishi mkunga mzee, Bibi Kashindi. Alikuwa mtu wa sala na wa maneno machache. Mikono yake ilipokea watoto wa kijiji kizima.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Mama akifiwa na watoto mfululizo, yule anayefuata hupelekwa jalalani siku anayozaliwa. Hulazwa juu ya majivu na maganda ya mihogo. Mkunga humfagia kwa ufagio, chwa, chwa, chwa! Kisha humrudisha nyumbani kama kitu kilichookotwa. Huitwa jina la kudharauliwa. Hasifiwi. Habembelezwi. Walisema, kifo kikipita kitadhani ni takataka, kitakwenda zake.

Faila alikuwa amezika watoto watatu. Wa nne akafagiwa. Chwa, chwa, chwa! Akaitwa Jalala. Padri hakukubali kumbatiza kwa jina hilo, na Faila hakuthubutu kumpa jingine. Mtoto akakua hivyo, bila ubatizo.

Akakua mcheshi. Wenzake wakimwuliza, "Wee Jalala, nani kakutupa?" hujibu, "Mama yako alikuleta wewe, akakuta pamejaa!" Wote hucheka. Faila naye hucheka, halafu hugeuza uso.

Masika moja homa ikaingia kijijini. Jalala akalala kitandani. Mama akamletea uji, mtoto akafumba mdomo.

"Kunywa."

"Mpe mtu," akasema. "Uji haumwagwi jalalani."

Faila akatoka mbio kumwita Bibi Kashindi. Bibi akaja, akamgusa paji la uso, akamtazama kwa muda mrefu. Akajua.

"Faila mwanangu, mtoto anakwenda. Mpe jina."

"Bibi, kifo kitasikia!"

"Kifo hakina masikio. Mtoto ndiye anayesikia."

"Jina gani, Bibi?"

"Mtawa Mfaransa aliyenifundisha ukunga aliniambia lipo jina kwao, walilolirithi kutoka Kilatini cha wazee wa Kanisa. Désiré. Hupewa mtoto aliyengojwa miaka mingi, aliyeombwa kwa machozi. Maana yake, aliyetamaniwa."

"Basi ndiye huyu," Faila akasema. "Ndiye huyu wangu."

Bibi akachota maji kwa kata. Akayamimina pajini, tiri, tiri, tiri. "Désiré, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Mtoto akafumbua macho. "Nani huyo?"

"Ni wewe, baba," mama akasema. "Nilikungoja. Nilikuomba. Nilikutaka kabla hujazaliwa."

"Hata kule jalalani?"

"Hata kule. Nilisimama kando nikilia."

Mtoto akamgeukia mama yake. Kisha akasema, "Nipe uji."

Akanywa. Adhuhuri, kengele ya kanisa ilipolia, ngo, ngo, ngo, akakata roho mikononi mwa mama yake.

Makaburini watu wakanong'ona. Mzee mmoja akasema waziwazi, "Si mmeona? Mmemtaja, kifo kimesikia."

Bibi Kashindi akasimama mbele ya udongo mbichi.

"Wale watatu walikuwa na majina mazuri, wakafa. Huyu tulimwita takataka, homa ikamkuta. Kifo hatukukidanganya hata siku moja. Tuliyemdanganya ni mtoto. Mungu anisamehe, ufagio nilikuwa nao mimi."

Faila akapiga magoti, akaita kwa sauti ambayo kijiji hakikuwahi kuisikia, "Désiré! Désiré wangu!" Wala hakutazama nyuma kuona ni nani anamsikia.

Tangu siku ile, katika kijiji kile, hakuna mtoto aliyefagiwa tena. Waliozaliwa baada ya misiba walipelekwa kanisani, wavulana wakaitwa Désiré, wasichana Désirée. Wengine waliishi. Wengine walizikwa, kwa kuwa uhai ni wa Mungu. Ila kila mmoja wao aliambiwa, angali hai, kwamba alitakwa.

Ndugu zangu, tusifiche upendo kwa kuogopa msiba. Msiba ukija, utatukuta hatujasema neno.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Mwenye mtoto nyumbani, aende akamwite.