Swali la Ufukweni

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ile ya sungura kuposa. Nasema zamani ya juzijuzi tu, daftari lilipokuwa limekwisha kupanda milima ya Upare lakini nguzo za umeme bado zimeishia huko bondeni. Hapo zamani hiyo aliishi mzee mmoja, mkulima wa tangawizi, jina lake Eliakunda. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo ukungu hulala mpaka saa nne asubuhi, na mtu akitoka kwenda kuchota maji hujui kama ameondoka au ameyeyuka. Hadithi yangu ni ya mkono mmoja na vichwa vinne. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Mkewe Eliakunda aliitwa Nakundwa. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini Biblia ya nyumba ile ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi kabla ya chai waliketi jikoni, baba, mama na watoto watatu, wakayazunguka mafiga. Mmoja alisoma sura. Kisha walinyamaza kidogo, moshi ukapanda, ukungu ukachungulia mlangoni. Kisha daftari likazunguka, daftari kubwa la jalada gumu, na kila mtu akaandika mambo matatu: nimeona nini, nimeuliza nini, leo nitafanya nini. Nakundwa aliweka sheria: andika ulichoona wewe, usiandike alichosema mchungaji. Mchungaji ana daftari lake.

Palikuwa na sheria nyingine, na hii ishikeni, maana hadithi nzima imetundikwa hapo. Chini ya kila swali waliacha mstari mmoja mtupu. Jibu likipatikana, liwe la kesho au la baada ya miaka kumi, liwe la mkubwa au la mdogo, linaandikwa kwenye mstari ule. Ndipo aliyeuliza humwekea mkono kichwani yule aliyemjibu, akambariki kwa jina lake, na swali likafungwa. Swali moja, jibu moja, kichwa kimoja. Watoto waligombania mkono ule kuliko walivyogombania nyama ya Krismasi.

Eliakunda hakuwahi kuupata. Alichochea moto, akasikiliza. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, aliacha shule mapema, na aliona aibu mbele ya wanawe. Daftari lilipomfikia alisema, "Mimi nimeona mlivyoona," akalipitisha mbele. Wakamzoea hivyo.

Sasa, siku moja walisoma habari za yule nabii aliyemezwa na samaki. Togolani, mtoto wa kati, akasema ameona mtu mbishi. Nambua, kitinda mimba, akauliza kama samaki mwenyewe hakuumwa tumbo, wakacheka mpaka chai ikachemka ikamwagika. Nakundwa hakucheka. Alifumba macho kama kawaida yake, akaanza kusema polepole, na Niwaeli, binti mkubwa, akawa anamwandikia.

"Naona giza halikumtesa sana," alisema Nakundwa. "Giza hata humu jikoni lipo. Kilichomtesa ni kwamba mle ndani hapakuwa na mtu wa kumwita kwa jina. Nauliza hivi: siku samaki akimtema, nani atakuwa ufukweni anamngoja?"

"Na leo utafanya nini, mama?" aliuliza Niwaeli, kalamu mkononi.

"Leo nitawaita wote kwa majina, mara mbilimbili."

Na kweli, siku ile kutwa nzima mlima ulisikia Niwaeli-Niwaeli, Togolani-Togolani, Nambua-Nambua. Hata Eliakunda huko kwenye matuta ya tangawizi aliitwa Baba Niwaeli mara mbili, akaitika mara mbili, akatabasamu peke yake. Mstari chini ya swali ukabaki mtupu.

Miaka ikaenda. Niwaeli akaolewa tambarare. Togolani akawa fundi mwashi, naye akashuka tambarare. Wakabaki wazee wawili na Nambua.

Kisha Nakundwa akaanza kusahau. Alianza kwa kutia chumvi mara mbili. Akafuatia kusahau sura ya jana, kisha ya leo. Kisha majina yakamtoka, moja baada ya jingine. Jioni moja Eliakunda alirudi kutoka shambani, akaweka jembe, na mkewe akamtazama kwa adabu nyingi.

"Karibu, mgeni," alisema. "Umetoka mbali?"

"Nimetoka shambani tu, Mama Niwaeli."

"Pole na safari. Kaa, watakuletea maji."

Eliakunda akakaa. Mke aliyeishi naye miaka arobaini na mmoja alimkaribisha kwenye kigoda alichokichonga Eliakunda mwenyewe, naye akasema ahsante. Iliuma, jamani. Iliuma vibaya sana.

Nambua hakukubali. Kila asubuhi aliketi miguuni pa mama yake, akafungua daftari, akamsomea kurasa zao za zamani. Nakundwa alitazama moto. Nambua akasoma. Nakundwa akatazama moto. Alipofika ukurasa wa mwisho, Nambua akarudi wa kwanza. Aliongeza na kurasa zake mwenyewe: leo mama amekunywa uji, leo hakusema, leo hakusema, leo ameshika sikio langu, hakusema. Mchumba wake alimngoja mwaka mzima, kisha akaoa kwingine. Nambua akaandika na hilo, mstari mmoja, akafungua ukurasa uliofuata.

Na Eliakunda je? Eliakunda alikuwa anakimbia. Ndiyo, nasema kukimbia, ingawa mwenyewe aliita kupalilia. Nambua akishika daftari tu, mzee akashika jembe, akatokomea kwenye ukungu. Hakuweza kukaa kama mgeni mbele ya meko yake.

Halafu ikaja ile masika mbaya. Juu ya nyumba palikuwa na ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba, na ukingo wake ukapasuka. Maji yakapita jikoni, yakabeba vyungu, yakabeba kuku wawili, yakabeba daftari. Nambua alikuwa amembeba mama yake mgongoni. Hakuwa na mkono wa tatu. Togolani aliposikia alipanda mlima mbio. Siku tatu alipekua matope kwa vidole, mgomba kwa mgomba, na watu wakasema fundi amerukwa na akili. Siku ya tatu akalikuta limenasa kwenye mizizi. Akatenganisha karatasi moja baada ya nyingine, akazilaza kati ya majani ya mgomba, akazikausha juu ya mawe yenye vuguvugu. Kurasa thelathini hivi zilikufa. Zilizobaki alizishona upya kwa kamba ya katani.

Nambua akaendelea. Alisoma, Nakundwa akatazama moto. Mwaka wa pili ukaisha. Ndipo Nambua akawaita kaka na dada yake.

"Nimechoka," aliwaandikia. "Njooni tuamue. Kama mnaona tulifunge daftari sandukuni, tulifunge wote pamoja. Sitaki kulifunga peke yangu."

Siku waliyotarajiwa kufika, mchana, Nambua akiwa mtoni anafua, Eliakunda alilichukua lile daftari. Alitaka kuliona tu kabla halijafungiwa. Akafunua, akafunua, akaufikia ukurasa wa samaki. Akausoma kwa kidole, neno moja moja. Akaona mstari mtupu. Akatafuta penseli ya kuwekea alama mbao, akailamba, akaandika: *Mimi. Nitakuwepo.* Kisha akasikia nyayo, akalifunga haraka, akalirudisha. Penseli akaisahau mle ndani.

Asubuhi iliyofuata wote watano walikuwa jikoni tena. Ukungu ulikuwa mzito, umeingia hadi kwenye kizingiti, na nyuso zao zilionekana na kupotea, kama walikuwa wanaotwa na mtu mwingine. Eliakunda hakushika jembe. Niwaeli akasema, "Tusome mara moja ya mwisho." Nambua akachukua daftari, nalo likafunguka lenyewe pale palipokuwa na penseli.

Akasoma bila haraka. Giza hata humu jikoni lipo. Hapakuwa na mtu wa kumwita kwa jina. Siku samaki akimtema, nani atakuwa ufukweni anamngoja? Akataka kufunua ukurasa, akaona maandishi asiyoyajua. Akasogeza daftari karibu na moto, akasoma: "Mimi. Nitakuwepo."

Nakundwa akaacha kutazama moto.

"Baba Niwaeli," alisema, "mbona umezeeka hivyo bila kuniambia?"

Akawataja wote, mmojammoja, mara mbilimbili. Niwaeli-Niwaeli. Togolani-Togolani. Nambua-Nambua. Wakalia, wakacheka, kuni zikaungua bila mtu kuzisogeza.

"Msinililie, sina muda," alisema Nakundwa. "Nilikuwa mle ndani. Palikuwa kimya. Kisha nikasikia naitwa, nikafuata. Lakini nauona ukungu pale mlangoni, na unakuja kunichukua tena. Swali langu limejibiwa, na sheria mnaijua. Nani aliyenijibu? Nani alikuwa ufukweni?" Akainua mkono wake wa kulia, mwembamba, akaushikilia hewani.

Niwaeli akapiga magoti wa kwanza. "Mama, mimi nilikuandikia miaka kumi na mmoja. Wenzangu walitaka niyanyooshe maneno yako, nikakataa, nikayaweka ulivyoyasema, hata pale ulipokohoa. Ulichokisikia leo ni sauti yako mwenyewe, na mimi ndiye niliyeitunza. Bila mimi wangekusomea nini?"

Togolani akapiga magoti. "Dada aliandika, kweli. Lakini aliyoyaandika yalichukuliwa na maji, na yeye yuko kwa mumewe. Mimi niliyatoa matopeni kwa vidole hivi. Ukurasa ule wa samaki ulikuwa wa kwanza kuutoa, na ulikuwa unachuruzika. Bila mimi, mama, wangekusomea matope."

Nambua hakupiga magoti, maana alikuwa tayari amekaa sakafuni, mahali pake pa kila siku. "Mimi sina la kujisifia," alisema. "Nilisoma tu. Siku mia saba na zaidi nilisoma, na hukunijibu hata moja. Umeuliza nani alikuwa ufukweni. Mama, mimi sijaondoka ufukweni."

"Na mstari ule?" aliuliza Nakundwa. "Nimesikia mtu anasema *nitakuwepo*. Hapo ndipo nilipogeuka. Nani aliuandika?"

Watoto wakatazamana. Niwaeli akaushika ukurasa, akasema si mwandiko wake. Togolani akasema si wake. Nambua alikuwa anatazama mkono wa baba yake, kidole gumba kilichokuwa na weusi wa penseli. Mzee akakifunika kwa vidole vingine.

Mkono wa Nakundwa ukaanza kulegea. "Haraka, wanangu. Baba Niwaeli, wewe hujawahi kunidanganya, hata juu ya chumvi yangu. Niambie nimbariki nani."

Wote wakamgeukia Eliakunda.

Naye akaona yote kwa mpigo. Akamwona Niwaeli mtoto, kalamu imemzidi kimo, hathubutu kuacha neno hata moja. Akamwona Togolani amelala kifudifudi kwenye matope. Akamwona Nambua, ambaye ujana wake wote ulikuwa umekaa pale sakafuni. Halafu akajiona mwenyewe. Alikuwa na maneno mawili tu. Lakini ni yale mawili yaliyomgeuza mkewe, na mstari ulikuwa mtupu mpaka alipoujaza yeye, na sheria ilisema aliyejibu. Ilisema aliyejibu, haikusema aliyechoka. Ila aliandika *nitakuwepo*, na asubuhi zote zile hakuwepo. Aliyekuwepo ni Nambua, ambaye hakuandika. Je, jibu ni la aliyeliandika au ni la aliyeliishi? Na yeye aliutamani mkono ule, jamani, kuliko watoto wote watatu kwa pamoja. Miaka arobaini na mitatu alichochea moto na kuwatazama wengine wakibarikiwa. Akinyamaza leo, hatabarikiwa tena. Akisema, atakuwa amempokonya mwanawe.

Akafungua mdomo.

Na mimi hapo namwacha, mdomo wazi, kwa sababu siwezi kumsemea. Msianze kutazamana. Sijasema wagawane, mkono ni mmoja, na tayari umeanza kushuka. Ukungu umevuka kizingiti, macho ya Nakundwa yanaelekea tena kwenye moto. Niwaeli aliyeandika, Togolani aliyeokoa, Nambua aliyekaa, Eliakunda aliyejibu. Ninyi mliosikia yote, semeni kabla hajasema "karibu, mgeni": ule mkono utue juu ya kichwa cha nani?