Kilio Hungoja Jembe

Kilio hungoja jembe. Leo asubuhi mwalimu wenu aliwaambia maneno hayo alipowakuta mmekaa mnalisikitikia darasa lililoezuliwa na upepo, nanyi hamkuelewa. Sasa mnaniuliza mimi. Haya, endeleeni kumenya ndizi huku mnasikiliza, masikio hayashiki kisu. Chanzo chake ni hiki.

Hapo zamani, kabla mama zenu hawajazaliwa, tetemeko la ardhi liliupiga mlima huu mchana kweupe. Nyumba zetu zilikuwa za tofali mbichi na udongo, maana saruji ilikuwa ya wenye nacho. Zilianguka karibu zote. Daraja la pekee la kwendea mjini nalo likakatika, tena lilikuwa bovu miaka yote na wakubwa walijua.

Mwanamke mmoja, Kokusiima, alikuwa shambani. Alipofika kwake mbio alikuta kifusi tu. Ndani ya nyumba ile alikuwa amemwacha binti yake, Kemilembe, akitwanga karanga, pamoja na mama mkwe wake, kikongwe asiyeweza tena kutembea.

Sisi watu wa huku mnatujua, msiba wa jirani hatuukawizi. Wanawake walikwisha kuketi chini wamejifunga kanga viunoni, wanalia kwa sauti. Wanaume walikuwa wanachimbia miti ya turubai la matanga. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Ishengoma, alikuwa amekataza watu kugusa kifusi mpaka tingatinga lije kutoka mjini.

"Litapita wapi?" Kokusiima alimuuliza. "Daraja halipo."

Kokusiima akawageukia wanawake.

"Mnamlilia nani?"

"Mwanao na mkweo, mwenzetu. Pole sana."

"Mmewaona?"

"Hatujawaona."

"Basi nyamazeni. Anayetaka kulia akalie kwake. Anayebaki ashike jembe."

Watu waliguna. Mwanamke mmoja mzee alimwambia kwa upole, "Mwanangu, usitukataze. Kilio ni haki ya wafu."

"Wakishakuwa wafu nitawapa haki yao, mama. Sasa hivi nataka kusikia."

Aliogopa, msidhani hakuogopa. Jembe alilotoka nalo shambani lilimponyoka, akaliokota. Wanawake walipomwona hivyo wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka mlima mzima ukawa kimya. Hapo ndipo sauti ikasikika kutoka chini, hafifu, kavu. Kemilembe alikuwa anagonga kinu kwa mchi. Masikini mtoto, alikuwa akigonga tangu mwanzo, na kilio chetu kilikuwa kinamfunika.

Mnadhani kuna aliyesubiri tingatinga? Mzee Ishengoma mwenyewe alivua koti akaingia na chepe. Miti ya turubai iling'olewa ikategemeza boriti za paa. Walichimba kwa majembe, na palipokuwa pembamba walichimba kwa sufuria na kwa kucha. Ardhi ilitikisika tena mara moja, watu wakaruka nyuma. Kokusiima hakutoka shimoni, basi nao wakarudi.

Jua lilikuwa linatua walipomfikia. Kemilembe alikuwa hai, mguu umevunjika, mweupe kwa vumbi mwili mzima. Bibi yake alikuwa amemlalia kumkinga, na ukuta ulimwangukia yeye mgongoni. Alikuwa ameshakata roho.

Kokusiima alimkabidhi binti yake kwa waliojua kufunga mifupa. Kisha alirudi akamtoa mkwewe kwa mikono yake, akamlaza juu ya majani ya mgomba, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Akaweka jembe chini, akaketi kando yake.

"Haya, mama zangu," akasema, na sauti yake ikakatika. "Huyu ndiye wetu. Sasa nisaidieni kulia."

Wakamlilia yule bibi kilio ambacho mlima huu haujakisikia tena. Hakuna aliyekizuia, naye Kokusiima alilia kuwapita wote. Kilio hungoja jembe.