Kope za Mjusi wa Shungwi

Kabla usiku wa kisiwa cha Shungwi haujapata macho, mjusi alikuwa na kope kama zenu. Alikuwa mnyama wa mchana, na hakuna aliyempita kwa usingizi. Jua likichwa tu, alijibana kwenye ufa wa ukuta, akalala hadi umande ukauke.

Mwaka mmoja Mwanasiti, msuka mikeka, alijifungua mtoto wa kike asiye na kope. Macho yake yalikuwa wazi na meusi, kama kokoto zilizotoka majini sasa hivi. Siku ya kwanza watu walicheka, wakasema huyu atalinda mashamba. Siku ya tatu hakunyonya tena. Mkunga, Bi Shumbana, alimfunika macho kwa bafta, lakini giza la kitambaa si usingizi.

"Asipolala leo," alisema, "kesho tutamzika."

Mjusi alisikia, akateremka ukutani. "Nitamwazima kope zangu. Usiku mmoja tu."

"Wewe! Wewe ambaye nzi akikukalia puani huamki?"

"Ndiyo maana, bibi. Zangu zina usingizi mwingi."

Mkunga akazibandua kope kwa ncha ya ukili wa mkeka uliolowekwa maji ya asumini, akambandika mtoto. Mtoto akashusha pumzi, akalala. Nyumba nzima ikalala naye, hata maji ya kisimani yakatulia. Mjusi peke yake alikaa macho, na kwa mara ya kwanza akaona nyota zikihama juu ya paa.

Kulipokucha, mwanga ulimchoma. Akaenda kuchukua chake. Mwanasiti hakubisha, alimwinua mtoto kwa mikono miwili huku akilia.

"Amana ni amana, ndugu yangu. Chukua."

Mjusi akasogea karibu. Chini ya zile kope, macho ya mtoto yalikuwa yakitembea polepole. Alikuwa akiota, na mjusi aliijua ndoto ile: nzi wanene kwenye ukuta wenye jua. Mtoto akachezesha midomo, akalitafuta titi.

"Mwache amalize kwanza," mjusi alisema, akaenda kujificha gizani.

Na tangu siku hiyo mjusi wa Shungwi hana kope. Huyalamba macho yake yasikauke, hujificha mchana, hutoka usiku. Visiwa vingine humkuti, maana hawezi kwenda mbali na kilicho chake. Sisi hatumwui, wala hatushushi chandarua cha mtoto mchanga kabla hajapita. Hupita darini, husimama juu ya kitanda, huinamisha kichwa. Msimfukuze. Anautazama usingizi wake.