Shamba Lililopumzishwa kwa Amri ya Mola

Wamepokezana waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika Bani Israili wa zamani palikuwa na mkulima mchamungu, jina lake Elnathani, aliyeishi bondeni na mkewe Hogla na binti yao wa pekee, Keziya.

Taurati iliwaamrisha watu wake waipumzishe ardhi kila mwaka wa saba. Wasilime wala wasipande, na kitakachojiotea chenyewe kiwe halali ya maskini, mgeni na mnyama. Ikawaahidi pia kwamba wakitii, mavuno ya mwaka wa sita yatabarikiwa hata wasiijue njaa.

Mwaka wa sita ukaja na ukame, Elnathani akavuna haba. Wa saba ulipoingia na mvua zake, bonde zima lilishika majembe. Yeye akaliweka lake chini.

"Utakula amri?" alimcheka jirani yake, Shafati.

"Mola ameahidi."

"Basi mpikie mwanao hiyo ahadi."

Mashamba ya wenziwe yakastawi. Lake likaota magugu, na katikati yake ngano ya kujiotea, bado haijatoa masuke, nyembamba kama nywele za mgonjwa. Ghala likakauka, Hogla akawa anachemsha mizizi. Kisha homa ikamshika Keziya, na mwili uliokonda hauna nguvu za kupigana nayo. Akafariki mikononi mwa mamaye.

Walipotoka kuzika, Hogla alisema, "Mume wangu, sisi tulitii, wao wakaasi. Mbona watoto wao wanacheza?"

Elnathani alijaribu kuomba, akaiacha dua katikati. Akaona mbingu zimemfungia mlango, na utiifu wake wote ni maji yaliyomwagwa mchangani. Ndipo akalinyanyua jembe. Leo nalima, alijiambia, na liwe liwalo.

Shambani akakuta watu. Mjane mmoja mgeni na wanawe walikuwa wamechutama wakichuma masuke. Mama yule alipoliona jembe, akapiga magoti.

"Bwana wangu, usitufukuze. Kwingine kote kuna walinzi na mbwa. Tumeambiwa shamba hili mwaka huu ni la Mungu. Tusingelipata, wanangu hawa ningekwisha kuwazika."

Elnathani akalishusha jembe. Kuugeuza udongo ule kulikuwa ni kuifukia riziki yao. Binti mdogo, rika la Keziya, akamnyooshea kiganja chenye punje mbichi.

"Kula, baba."

Akala. Akalia kwa sauti, kilio ambacho hata kaburini hakikumtoka.

"Ewe Mola," akasema, "sijaelewa bado. Lakini sitalima."

Akaenda kumleta Hogla, wakachuma pamoja na wale wageni mpaka mwaka ukaisha. Msiba haukuwaondokea. Inasemekana Hogla, kila ahadi ile iliposomwa, alijifunika uso kwa ushungi, hata mauti yalipomfika.

Enyi wenzangu katika imani, tusimhukumu Mola kwa kuchungulia kapu letu peke yake. Huenda baraka imeshuka kweli, ikapita mkononi mwako kwenda kinywani mwa mwingine, nawe ukabaki na njaa yako na ujira usiouona. Subira ya namna hiyo ni shubiri. Elnathani aliimeza akilia, wala hatukupokea popote kwamba Mola alimlaumu kwa machozi yake.