Nywele za Zimwi la Ziwani

Sogeeni, wenzangu, na pua mzizibe. Palikuwa na ziwa lililofunikwa na magugu maji hata samaki wakafa, wakaoza, wakanuka. Watu waliyakata kwa panga, yakaota maradufu.

Nyamizi, mvuvi mjane ambaye wanawe walilala njaa, akazamia kutafuta mizizi ya magugu hayo. Chini akakuta zimwi limeketi topeni, na yale magugu ndiyo nywele zake.

"Kichwa kinaniwasha!" likalia. "Zing'oe, usizikate. Kila anayekuja hunusa, akakimbia."

Nyamizi akang'oa fungu la kwanza, usaha ukamrukia usoni. Akang'oa la pili, ruba wakamtambaa midomoni. Akang'oa la tatu, akatapika, lakini hakuacha mpaka kichwa kikabaki upara. Zimwi likashusha pumzi, likasinzia.

Maji yakang'aa, samaki wakazaliana. Lakini uvundo haukumtoka Nyamizi mikononi. Alipokwenda kwa mtemi wa nchi ile kumpa mkono, mtemi, kinywa kimejaa samaki sato wa ziwa lile, akageuza uso.

"Mama, unanitia kinyaa."

Nyamizi akajifuta mikono yote miwili kwenye joho la mtemi, taratibu. Uvundo ukahamia huko, na mpaka leo mtemi hula peke yake.

Yangu yameishia hapo. Nendeni mkanawe.