Punje Isiyouma

"Kisichouma ndicho cha kuuliza." Kidato cha kwanza wakiisikia methali hii bwenini na kutaka kujua ilikotoka, wazee wetu, yaani dada wa kidato cha nne wenye umri mzito wa miaka kumi na saba, hukohoa kwanza kwa heshima, kisha husimulia. Ilianza hivi.

Matroni Nyamizi alitawala chumba cha wagonjwa kwa kanuni moja: pasipouma, rudi darasani. Kanuni ilikuwa ya lazima, maana kila siku ya jaribio la hesabu nusu ya bweni ilishikwa na homa isiyopanda kwenye kipimajoto. Alibonyeza tumbo, akabonyeza mgongo, na asiyeguna alitimuliwa.

Muhula wa kwanza, Matroni mwenyewe akioga, aligusa kitu kwenye titi la kushoto, kigumu kama punje ya hindi. Akakibonyeza. Hakikuuma. Akajitimua mwenyewe, akarudi kazini.

Miezi minane ikapita. Punje ikanenepa, na ngozi iliyo juu yake ikaanza kubonyea. Ndipo manesi wa wilaya walipokuja kuwapima wanawake matiti na mlango wa kizazi, na Bi Chausiku wa jikoni akamburuta hadi kwenye foleni. Nesi aliyempima akamuuliza amekigundua lini.

"Muhula wa kwanza. Lakini hakiumi, sista. Mimi wasioumwa huwarudisha darasani."

"Kingeuma ungekuja siku ileile, mama. Saratani ya titi mara nyingi haiumi inapoanza, na hapo ndipo hutibika vizuri zaidi. Kisichouma ndicho cha kuuliza."

Hospitali ya rufaa walichukua kinyama kidogo wakakipima. Ilikuwa saratani. Wakaliondoa titi, kisha zikafuata dripu za dawa, moja kila wiki tatu. Nywele zikaondoka bila kuaga. Hayo yote Matroni aliyamudu. Kilichomshinda ni utulivu wa wodi. Alitamani kengele ya alfajiri, harufu ya uji ulioungua, hata waongo wake. Angefurahi aletewe mmoja tu, ameshika tumbo lisilo na kosa lolote. Kila daktari alipopita, alimuuliza atarudi lini shuleni. Daktari, mtu mkweli, alijibu kwamba bado ni mapema kusema.

Jumapili moja Bi Chausiku akampigia simu kutoka bwaloni. Matroni aliomba asipewe habari yoyote, aelekezewe tu simu kwenye makelele. Akasikiliza sahani, vijiko na umbeya wa wasichana mia tatu, machozi yakimtiririka. Walipojua ni yeye, bwalo zima likanyamaza. Tegemea, bingwa wa homa za hesabu, akaisogelea simu.

"Matroni, unarudi lini?"

"Natamani ingekuwa leo, mwanangu. Sijui." Akavuta pumzi. "Mimi nisubirini. Lakini mtakachokikuta mwilini msikisubiri kianze kuuma. Kisichouma ndicho cha kuuliza."