Gogo la Mkwaju la Semdoe

Bandu bandu huisha gogo. Mmenisikia nikimwambia mama yenu hivyo alipochota sukari ya futari mara ya tatu, mkacheka, mkaniuliza ni gogo la nani hilo lililoisha kwa kubanduliwa. Lilikuwa gogo la mkwaju, la mtu mmoja aliyeitwa Semdoe, wa kijiji cha Kwemdimu, na mambo yake yalianza hivi.

Semdoe alikuwa mkamuaji wa mafuta ya ufuta. Kinu chake aliachiwa na baba yake. Kilichongwa kwa mti mmoja mzima, kikazikwa ardhini hadi kiunoni, na punda aliyefungwa kitambaa machoni alizunguka akiuvuta mchi tangu alfajiri hadi jua la utosi. Watu wa vijiji vya jirani walileta ufuta wao hapo. Mafuta yakishatiririka mtungini, Semdoe alichota fungu lake kama ujira, na mashudu yakabaki kwa punda na kuku. Nyumba ile ilikula, ikavaa na kupokea wageni kwa kinu hicho tu. Shamba la maana hawakuwa nalo, wala ng'ombe.

Lakini kinu kilikuwa kimezeeka. Ufa ulianza mdomoni ukashuka chini, mwembamba kama unywele, na Semdoe aliuona mapema. Akamwita Fundi Mlekwa, mchonga vinu, wakaingia msituni pamoja, wakachagua mkwaju mnene uliokomaa. Vijana wa kijiji waliliburuta gogo lake kwa nyimbo, wakalipwa wali na kitoweo. Likalazwa chini ya upenu wa nyuma ya jiko, ubavu mmoja umeelekea uwani, wa pili umeelekea ukutani.

"Liache masika matatu," fundi akaagiza. "Lisipigwe na jua wala mvua. Mkwaju mbichi ukiuchonga kinu utapasuka mikononi mwako. Huu ukikauka taratibu, watakamulia humu hata wajukuu zako."

Sasa, Semdoe alikuwa na mke, jina lake Mwantumu, na Mwantumu alijua kubana matumizi kuliko mwanamke yeyote wa Kwemdimu. Chumvi aliitia kwa ncha za vidole viwili. Ukoko wa ugali aliuanika, akautwanga, ukawa uji wa asubuhi. Kanga ikichakaa aliikata ikawa mbeleko, mbeleko ikichanika ikawa kitambaa cha kuchujia mafuta, na kitambaa kikishaoza alikisokota kikawa utambi wa taa. Majirani walisema kwamba kwa Mwantumu hata panya hufunga Ramadhani mwaka mzima. Yeye alicheka nao, kwa kuwa aliona ni sifa. Mama mkwe wake, Bi Nyange, aliyekuwa akiishi nao, hakuchoka kumtangaza.

"Mwanangu ameoa mkono wa kushika," alikuwa akisema. "Wenzake wameoa matobo."

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimkera Mwantumu, nacho ni kuni. Siwema, mwanamke aliyekata kuni msituni, alileta mzigo na kuondoka na kibaba cha mafuta. Kila Mwantumu alipomimina kibaba kile, moyo ulimuuma kama anayeng'olewa jino. Masika ya kwanza yalipoingia, njia za msituni zikawa tope, na Siwema akataka kibaba na nusu.

"Siwema, mwenzangu, kuni zako zimeota dhahabu?"

"Na mafuta yako je, yanakamuliwa na malaika? Nimebeba mzigo huu kwenye tope mpaka hapa, shoga. Kibaba na nusu."

"Basi rudi nazo."

"Narudi nazo. Upikie pumzi zako!"

Siku ile Mwantumu alipika kwa kuni mbichi. Moshi ukajaa jikoni, Bi Nyange akakohoa mpaka akashika mbavu, na ugali ukatoka mbichi katikati. Mwantumu akatoka nje kufuta machozi, na pale chini ya upenu macho yake yakaangukia gogo.

Alijua ni la nini. Lakini alijua pia kwamba fundi akija kuchonga atalichonga pande zote, na vibanzi vitatupwa au wataviokota watu wa nje. Sasa kuna dhambi gani kutangulia kuchukua kile kitakachotupwa? Akachukua kishoka, akazunguka upande wa ukutani ambako mtu hapiti, akabandua kibanzi kimoja. Kilikuwa kikavu kwa nje, na kilishika moto mara moja. Sufuria ikachemka vizuri.

Kesho yake akabandua kingine.

Siwema alipopita tena, Mwantumu hakumwita. Mafuta ambayo angemlipa aliyamimina katika mtungi wa pembeni, na mtungi ukajaa kidogo kidogo. Alipomwonyesha mumewe, Semdoe alitikisa kichwa kwa furaha. "Wewe mwanamke ungepewa nchi, ungelisha majeshi kwa kisahani."

Masika ya pili yalipita. Siku moja Mwantumu alipoinama nyuma ya gogo aliona majeraha ambayo hakuyatia yeye. Upande wa kichwani palikuwa na mikato mipana ya shoka kubwa, na upande wa miguuni palikuwa pamechokonolewa kwa panga butu. Akasimama na kishoka chake mkononi. Angeuliza, lakini angeulizaje? Mwenye kuuliza angeulizwa alikuwa anafanya nini nyuma ya gogo. Akabandua chake, akaingia ndani, akanyamaza.

Kumbe kila mmoja alikuwa na siri yake. Semdoe alikuwa akichonga kabari za kuziba ufa wa kinu cha zamani, na kabari za mkwaju ndizo zilizoshika. Bi Nyange alikuwa akijitwalia vipande vya makaa ya kuota usiku, kwa sababu makaa ya mkwaju hukaa mpaka alfajiri na miguu yake ilikuwa ya baridi. Kila mmoja alijiambia kwamba achukuacho ni kidogo, na kwamba gogo ni kubwa. Nao walipita uwani kila siku wakaliona limelala vilevile, limenenepa kama kiboko, maana ubavu wa uwani hakuna aliyeugusa.

Mwaka wa tatu ufuta ulikubali kuliko miaka yote. Watu walikuwa wamepanga makapu yao uwani kwa Semdoe wakati kinu cha zamani kilipolia kwa kishindo, kikagawanyika vipande viwili, na mafuta yakanywewa na mchanga. Semdoe hakuhuzunika sana. Aliwaambia wateja, "Niachieni siku chache. Kingine kipo." Akatuma mtu kumwita Fundi Mlekwa.

Fundi alikuja na tezo zake. Akaligonga gogo kwa kidole, akainua kichwa, akaligonga tena mahali pengine.

"Nisaidieni kuligeuza," akasema.

Vijana wakatia mabega. Waliinama kwa nguvu za kuinua mzigo mzito, na nusura waanguke, kwa kuwa gogo lilikuja jepesi. Likabingirika, ubavu wa ukutani ukatazama juu. Lilikuwa limeliwa mpaka kwenye kiini, limekuwa kama hori la kulishia punda.

Wenye makapu wakasogea kutazama.

"Ni mchwa," Semdoe akasema.

"Mchwa gani ana shoka?" fundi akamjibu. Akaupitisha mkono ndani ya uwazi ule, akiyapapasa majeraha. "Hapa pamekatwa na kishoka. Hapa shoka kubwa. Hapa panga. Semdoe, hili gogo limefanywa nini?"

Semdoe akamgeukia mkewe. "Mwantumu, kishoka ni cha nani?"

"Changu," Mwantumu akasema. "Nilibandua kidogo tu, mume wangu. Vibanzi ambavyo fundi angevitupa. Na shoka kubwa je?"

Semdoe akainamisha uso. "Nilibandua kabari. Za kinu chetu wenyewe! Bandu moja, moja."

Wote wakamtazama Bi Nyange. Yule kizee alikuwa ameketi mlangoni, akaivuta kanga yake mpaka puani. "Msinitazame hivyo. Kizee anachukua nini? Bandu la kuotea miguu. Nyinyi ndio mliokula gogo."

"Wewe ndiye uliyenitangaza kijiji kizima kwamba nina mkono wa kushika, Mama," Mwantumu akasema.

"Mkono wa kushika kishoka, kumbe!"

"Basi!" Semdoe akapiga kelele.

Mwantumu akakimbilia ndani, akarudi amekumbatia ule mtungi wa akiba, mafuta yakimchuruzikia kifuani. Akautua mbele ya fundi. "Fundi, haya yote ni yako. Tutafutie gogo jingine. Mimi sikupoteza kitu, nilikuwa naweka. Tazama, umejaa."

Fundi Mlekwa aliutazama mtungi, kisha akamtazama yeye kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Gogo nitakupatia kesho, dada yangu, msitu haujaisha. Lakini masika matatu nitakununulia wapi?"

Hawakuweza kungoja. Ufuta ulikuwa uwanjani, na wenye ufuta walikuwa wakinung'unika. Wakakata mkwaju mwingine, Semdoe akamlazimisha fundi auchonge mbichi, na ule mtungi wa mafuta ukaenda katika ujira. Kiangazi hakikufika katikati, kinu kikapasuka kutoka mdomo hadi kitako. Wateja wakabeba makapu yao wakaenda kwa Mbaruku, mkamuaji wa ng'ambo ya mto, nao hawakurudi tena. Punda akauzwa. Bi Nyange alifariki mwaka ule ule bila kusema tena na mkwe wake, na Semdoe akapata kazi ya kumfuata punda wa Mbaruku, akizunguka kinu cha mtu mwingine tangu alfajiri hadi jua la utosi.

Mwantumu alilima kijishamba cha kuazima. Ufuta wake mchache aliupeleka kukamuliwa hukohuko kwa Mbaruku, akasimama kwenye foleni na wanawake aliokuwa akiwapokea zamani uwani kwake. Habari ilikuwa imeshawafikia wote. Akitokea tu na kapu lake, mmoja aliimba, "Bandu, bandu!" na wengine wakaitikia, "Huisha gogo!" Wakacheka, hata Siwema. Semdoe alikuwa akisikia yote. Hakugeuka. Alimpiga punda kidogo, akaendelea kuzunguka.

Mke wa Mbaruku ndiye aliyepokea makapu. Kila safari, kabla ya kuumimina ufuta wa Mwantumu kinuni, alichota gao moja, ujazo wa kiganja, akaliweka pembeni kwenye ungo wake. Ujira ulikuwa ni fungu la mafuta, na gao lile halikuwa la ujira. Mwantumu alivumilia safari ya kwanza, ya pili, na nyingine kadhaa. Siku moja mwanamke yule alipochota, Mwantumu akamshika mkono.

"Kwani nini, shoga?" mke wa Mbaruku akasema. "Gao moja tu."

"Kwangu pia lilikuwa bandu moja tu," Mwantumu akasema. "Bandu bandu huisha gogo."

Wanawake wa kwenye foleni waligeuka kumtazama, kwa kuwa maneno yale waliyazoea kumtupia, na sasa yalikuwa yametoka kinywani mwake bila mzaha. Hata punda alisimama, maana Semdoe alikuwa ameachia kamba.

Mke wa Mbaruku aliutoa mkono wake taratibu. "Gogo la nani, Mwantumu?" akauliza. "Maana letu sisi lipo."

Akachota gao la pili, akalitia kwenye ungo. Mwantumu hakuwa na kinu kingine cha kwenda. Akamimina kilichobaki, akasimama kungoja mafuta yake.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Gogo lile vijana wa kijiji kizima walilivuta kwa jasho, na hakuna mwizi aliyeligusa wala mvua iliyolinyeshea. Waliolimaliza walilala nalo katika ua mmoja, wakipendana, kila mmoja akijua kwamba yeye hakuchukua kitu. Bandu bandu huisha gogo.